Jiko la Indaksheni Nyumbani: Hesabu ya Pochi, Hesabu ya Mapafu

Mtumba iko takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapo Aprili 2019, majengo ya wizara yamesimama mahali palipokuwa na mashamba ya uwele na vichaka vya miiba, na pembeni yake zimeota nyumba za watumishi wa umma, wafanyabiashara na wenyeji waliokuwapo kabla ya wote hao. Ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, mtu anaweza kuona mafiga matatu yenye kuni, jiko la mkaa barazani, mtungi wa gesi jikoni na, siku hizi, sahani nyeusi ya kioo iliyochomekwa ukutani: jiko la umeme la indaksheni.

Tuichukulie familia moja ya mfano katika viunga hivyo. Baba ni mtumishi wa umma, mama ana duka dogo, watoto ni watatu na mdogo wao hajatimiza miaka miwili. Bibi, mama mzazi wa baba, ameletwa kutoka kijijini kwa sababu ya kifua. Amepikia kuni kwa zaidi ya miaka 40. Hajawahi kuvuta sigara, lakini daktari amemwambia kuwa ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kila Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapoingia, hali yake huwa mbaya zaidi. Sasa wanafamilia wanajadiliana: je, wauache mkaa na kununua jiko la indaksheni?

“Mwanangu,” bibi anasema, “jiko lisilo na moto litausongaje ugali?” Mkwewe anajibu kwa heshima: “Mama, ugali utaiva. Ninachoogopa mimi ni LUKU.”

Wote wawili wameuliza maswali ya haki. Lipo pia swali la tatu, ambalo halijaulizwa bado, na katika nyumba hii ndilo zito kuliko yote mawili.

Moshi unaoonekana na usioonekana

Moshi wa kuni na mkaa hubeba chembe ndogo mno zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Ndiyo kusema chembe hizo ni ndogo kuliko unywele kwa karibu mara 30. Kwa udogo huo hupenya vichujio vya pua na koo, hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni katika chumba kisicho na dirisha la kutosha huweza kufikisha mamia.

Shirika hilo linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Hapa nchini, takwimu zinazotajwa na Serikali katika kampeni ya nishati safi ni za vifo takriban 33,000 kwa mwaka. Maradhi yenyewe ni homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima ni kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu na ugonjwa wa kifua kama ule wa bibi. Macho nayo huathirika, kwani moshi umehusishwa na mtoto wa jicho, hasa kwa wanawake.

Wapo wanaoamini kwamba mkaa ni salama kwa kuwa hauonekani kutoa moshi. Ni kweli kwamba mkaa uliokolea hutoa chembe chache kuliko kuni mbichi. Lakini hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung’ang’ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, huchoka, hulala, na pengine haamki tena. Katika nyanda za juu kama Dodoma, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, jiko la mkaa huingizwa chumbani ili kupasha joto, na milango hufungwa. Hapo ndipo jiko lililopika chakula cha jioni hugeuka kuwa hatari ya usiku.

Jinsi sahani hiyo inavyopika

Chini ya kioo cha jiko la indaksheni kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unapopita humo huwa unageuza mwelekeo wake makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyohiyo. Sufuria yenye chuma ikiwekwa juu yake, uga huo huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria, na kitako chenyewe hupata moto. Joto halitoki kwenye jiko kwenda kwenye sufuria, bali huzaliwa ndani ya sufuria. Ndiyo sababu takriban asilimia 85 ya umeme unaotumika huishia kwenye chakula, ilhali jiko la kawaida la mkaa hukipa chakula kiasi cha robo tu ya nguvu ya mkaa, au pungufu ya hapo.

Kutokana na namna hiyo ya kufanya kazi, lipo sharti ambalo wanunuzi wengi huligundua wakishafika nyumbani. Sufuria nyingi za Kitanzania ni za alumini, na alumini haifanyi kazi kwenye majiko ya kawaida ya aina hii. Chungu cha udongo hakifanyi kazi pia. Kipimo ni rahisi: chukua sumaku ndogo uiguse kwenye kitako cha sufuria. Ikinasa vizuri, sufuria inafaa, ikidondoka, haifai. Chuma cha kusubu na vyombo vya enameli hunasa. Chuma cha pua kina aina nyingi, na baadhi yake hazinasi, hivyo ni vyema kwenda dukani na sumaku mfukoni. Kitako sharti kiwe bapa. Anayepanga bajeti ya jiko apange na bajeti ya sufuria mbili tatu.

Na ugali wa bibi? Utasongeka, lakini kwa adabu mpya. Sufuria nyepesi huzunguka na kuteleza mwiko unapoingia kazini, na ikiinuliwa au kusogea mbali na koili, jiko hulia na kujizima. Sufuria nzito yenye vishikio viwili, iliyoshikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukisonga, huondoa tatizo hilo. Moto upunguzwe kabla ya kuanza kusonga, kwa sababu jiko hili huitikia papo hapo. Aliyezoea mkaa unaopoa polepole ataunguza ugali wa kwanza na wa pili. Kugongagonga sufuria juu ya kioo ili kuangusha ugali ulioshikana na mwiko ni desturi ya kuachwa, maana kioo hupasuka, na jiko lenye ufa lisitumike tena.

Maharage na makande yana habari yao. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96, si 100. Ndiyo maana maharage ya hapa huchukua muda mrefu kuliko ya pwani. Kwa vyakula vya namna hiyo, jiko la presha la umeme hufaa kuliko indaksheni: huongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia, hufungia mvuke usipotee, na hutumia umeme kidogo mno ukilinganisha na kuchemsha saa mbili kwenye sufuria iliyo wazi. Familia inayokula makande mara tatu kwa wiki huenda ikanufaika zaidi kwa kuanza na chombo hicho.

Hesabu ya LUKU

Hofu ya mama mwenye nyumba si ya bure. Kwa bei zilizotumika wakati wa kuandikwa kwa makala haya, mteja wa majumbani wa kundi la matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti moja. Akijumlishiwa kodi na tozo hulipa takriban shilingi 356. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100, yaani takriban 122 pamoja na kodi na tozo. Akizoea kuvuka kikomo hicho huhamishiwa kundi la juu, na hapo uniti zake zote hupanda bei, za taa na za televisheni pia.

Tuseme familia ya watu sita inayopikia umeme karibu kila kitu hutumia uniti 2.5 kwa siku, yaani 75 kwa mwezi. Joto linaloingia kwenye chakula kwa uniti hizo ni sawa na lile la kilo 36 hivi za mkaa, au kilo 10 hivi za gesi ya mitungi. Makadirio haya hupanda na kushuka kufuatana na aina ya jiko na mazoea ya mpishi, lakini yanatosha kwa kulinganisha.

Kama familia hiyo tayari iko kwenye kundi la kawaida, kupika kutaiongezea takriban shilingi 26,700 kwa mwezi. Iwapo kilo 36 za mkaa, au kilo 10 za gesi, huwagharimu zaidi ya hapo, umeme ni nafuu.

Kama iko kwenye kundi la matumizi madogo, hesabu hubadilika. Hebu ichukuliwe kwamba sasa inatumia uniti 70 na kulipa takriban shilingi 8,500. Ikiongeza uniti 75 za kupikia, inafikisha 145 na kuhamishiwa bei ya kawaida: takriban shilingi 51,700. Ongezeko ni shilingi 43,100 kwa mwezi. Kila uniti ya kupikia kwa hakika imewagharimu shilingi 575 hivi, si 122 wala 356. Huu ndio mtego unaowafanya wengi waseme kwamba jiko la umeme “linakula” LUKU, ilhali kilichokula ni kuvuka kikomo.

Lakini kundi hilohilo lina fursa yake. Nyumba inayotumia uniti 40 tu kwa mwezi ina nafasi ya uniti 35 kabla ya kikomo. Uniti hizo zinatosha karibu nusu ya upishi wote, kwa takriban shilingi 4,300. Chai ya asubuhi, uji wa mtoto na kupasha viporo vikihamia kwenye umeme, na vilivyobaki vikapikwa kwa gesi, familia hupata nafuu bila kuingia mtegoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kusoma matumizi yake ya miezi mitatu iliyopita. Bei ya jiko dukani hufuata baadaye.

Nyaya nazo zikaguliwe. Jiko la wati 2,000 huvuta takriban ampea 9. Soketi nzuri ya ukutani hulibeba, lakini kebo ya kuungia ya bei rahisi, yenye televisheni na jokofu juu yake, huyeyuka. Jiko la sahani mbili la wati 3,500 huvuta ampea 15 na linastahili laini yake lenyewe iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Nyaya zisizotosha huleta moto wa nyumba, na hapo jiko tulilolinunua kwa ajili ya afya hugeuka kuwa chanzo cha maafa.

Kuhusu upatikanaji wa umeme, mambo yameboreka. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hata hivyo, umeme kuwapo kwenye gridi hakumaanishi kwamba hautakatika mtaani wakati wa dhoruba au matengenezo. Nyumba yenye mtoto mchanga isibaki na njia moja tu ya kupikia.

Tiba inasema nini kuhusu faida

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Katika lengo hilo umeme na gesi vyote huhesabiwa kuwa safi, na Shirika la Afya Duniani huvihesabu hivyo pia. Mafuta ya taa hayamo.

Ni wajibu, hata hivyo, kutoahidi kupita ushahidi. Nchini Malawi, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wanavijiji majiko yaliyoboreshwa yanayotumia kuni. Homa ya mapafu kwa watoto haikupungua. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Guatemala, India na Peru, ambako wajawazito 3,200 walishiriki utafiti na nusu yao wakapewa majiko ya gesi na gesi ya bure. Chembe walizovuta akina mama wa gesi zilishuka hadi mikrogramu 24 hivi, dhidi ya 70 za wenzao. Hayo ni mafanikio makubwa ya hewa. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na homa kali ya mapafu kwa watoto hao haikupungua kama ilivyotarajiwa.

Matokeo hayo hayasemi kwamba moshi hauna madhara. Zipo sababu zinazofikiriwa: majiko yalifika mimba ikiwa tayari imetungwa, hewa ya nje yenye moshi wa jirani, vumbi na taka zinazochomwa iliendelea kuingia, na mapafu yaliyojeruhiwa kwa miaka mingi hayaponi kwa miezi michache. Funzo lake kwa nyumba ya Mtumba ni kwamba jiko safi likiongezwa juu ya jiko chafu, bila lile chafu kuondoka, faida huwa ndogo. Na anayetumia tayari gesi katika jiko lenye hewa ya kutosha asitarajie muujiza wa kifua kwa kuhamia indaksheni. Atapunguza gesi ya naitrojeni daioksaidi inayochochea pumu, jambo lenye maana kwa mtoto mwenye pumu, lakini hatua kubwa ya kuacha mkaa alikwisha kuipiga.

Hata indaksheni haifuti uchafu wote. Mafuta yanayokaangwa kwa moto mkali hutoa mvuke na chembe zake, hivyo dirisha lifunguliwe. Watoto huungua zaidi kwa uji na maji ya moto kuliko kwa jiko lenyewe, kwa hiyo mshikio wa sufuria uelekezwe ndani na waya wa jiko usining’inie. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae kwa umbali usiopungua sentimita 60 kati ya kifaa chake na jiko linalofanya kazi, na amuulize daktari wake kabla ya kulinunua. Kwa mjamzito hakuna ushahidi thabiti kwamba matumizi ya kawaida ya jiko hili hudhuru, na moshi anaouepuka una madhara yanayojulikana.

Swali la tatu

Turudi kwa familia yetu. Wamesoma LUKU, wamepima sufuria kwa sumaku, wamepiga hesabu ya mkaa. Wanaweza kulimudu jiko. Swali lililosalia ni hili: Julai ikifika, bibi ataota moto wapi?

Mkaa katika nyumba za Dodoma una kazi mbili. Hupika, kisha hupasha chumba joto. Jiko la indaksheni hufanya kazi ya kwanza tu. Likizimwa, jikoni hupoa. Familia ikihamishia chakula kwenye umeme lakini jioni ikawasha jiko la mkaa kwa ajili ya kuota na kuliingiza chumbani mwa bibi, itakuwa imelipa gharama ya mabadiliko na kubaki na sehemu ya moshi iliyo hatari kuliko zote, kwani ndiyo inayovutwa kwa saa nyingi, milango imefungwa, na mgonjwa amelala.

Kwa hiyo uamuzi wa jiko ni lazima uandamane na uamuzi wa baridi. Blanketi zito na soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kuziba upepo unaopita chini ya mlango huku tundu la juu la hewa likiachwa wazi: mambo haya hayana gharama kubwa. Asiyekuwa na budi kuota moto wa mkaa aote nje barazani, na jiko lilale nje. Bibi mwenyewe aendelee na dawa zake za kuvuta kama alivyoelekezwa, na apelekwe kituo cha afya mapema pindi kikohozi, makohozi au kuhema vikizidi, kwa sababu jiko jipya halichukui nafasi ya matibabu.

Kwa nyumba kama hii, ushauri wa kitabibu ni kuhama, kwa mpangilio: kuanza na vyakula vya haraka, kuongeza jiko la presha kwa maharage, kubaki na mtungi mdogo wa gesi kwa siku za kukatika umeme, na kuuondoa mkaa ndani ya nyumba kabla ya baridi kuanza. Kwa nyumba inayotumia gesi tayari na isiyo na mgonjwa wa kifua, uamuzi unaweza kusubiri pochi. Kwa nyumba inayopikia kuni ndani na yenye mtoto mchanga, usisubiri jiko la kioo: hata gesi, hata kuhamishia mafiga nje chini ya paa lenye hewa, ni hatua ya leo.

Bibi huenda akausifu ugali wa kwanza kwa shingo upande, na huenda asiusifu kabisa. Kipimo cha familia hii kitapatikana Agosti, baridi itakapopungua: ni usiku mangapi bibi amelala bila kukohoa.